Boksi Lililoandikwa Mayai

Kwenye ghala la vifurushi, mteja mwongo hujulikana kwa mwandiko wake. Ndiye anayeandika MAYAI juu ya boksi la viatu, MAYAI juu ya boksi la betri, na siku moja, kwa herufi za kuogopesha, MAYAI TAFADHALI juu ya pampu ya maji iliyowatoa jasho watu watatu. Ameambiwa na wajuaji wenzake kwamba makuli wakiliona neno hilo hunyenyekea. Makuli nao si watoto wa jana. Walinyenyekea mwaka wa kwanza, wakanyenyekea wa pili, mwisho wakachoka kuibembeleza pampu.

Aliyetunga sheria mpya alikuwa Winchi. Jina hilo alipewa siku aliposhusha friji peke yake kutoka kwenye lori, na tangu hapo hata meneja alisahau lile la kwenye kitambulisho. Sheria yenyewe ilikuwa fupi: boksi lililoandikwa mayai lirushwe kabla ya mengine, ili mwongo aipate haki yake mapema. Winchi husimama juu ya lori, mwenzake husimama chini. Winchi hupaza sauti, "Mayai!" Wa chini hujibu, "Ya kuchemsha!" na boksi huwa limeshafika hewani. Huyo wa chini walimwita Golikipa, na kwa haki ya Mungu halikuwahi kumpita hata moja. Ghala zima lilicheka kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza. Kazi ya mizigo ni ndefu, na mtu asipojichekesha mwenyewe, nani atamchekesha?

Winchi alikuwa mtu wa miraba minne, mpole wa maneno, hana ugomvi na yeyote isipokuwa mgongo wake. Mgongo ulianza kumsema taratibu. Mwanzo ulimsema asubuhi tu, akifunga viatu; baadaye ukawa unamkatiza hata katikati ya mazungumzo, akabaki mdomo wazi, mkono kiunoni, wenzake wakidhani anatafuta neno. Mkewe, ambaye ni msusi, alikuwa akimkumbusha kwamba binadamu hauziwi vipuri. Watoto wao walikuwa wameshaoa na kuolewa, kila mmoja na mji wake na matatizo yake. Winchi alihitaji kazi ya kukaa, au angalau ya kusimama bila kubeba, na hakuwa na cheti cha kitu chochote ila cha kuzaliwa.

Kazi hiyo ikaja yenyewe ghalani, imevaa miwani ya jua. Alikuwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni, ambaye wote walimwita Madamu, na siku hiyo alifuata mapazia yake. Akingojea, alianza kusimulia bila kuulizwa kwamba nyuma ya nyumba yake ameotesha bustani, na bustani isiyo na tausi ni majani tu. Aliwahi kununua tausi wawili wakubwa, wakaruka ukuta siku ya pili na hawakuaga. Sasa alitaka mtu aliyewatotolesha na kuwalea mwenyewe tangu yai, ndege waijue sauti yake na wasiwe na sababu ya kuhama. Mtu huyo angeajiriwa pamoja nao. Angewalisha, angefagia manyoya yao, na saa zilizobaki angekaa kwenye kiti chini ya mwavuli akiwatazama.

Winchi alisikia neno kiti. Yaliyofuata hakuyapanga. Alijisikia akisema kwamba yeye na tausi ni tangu utotoni, kwamba kwao walikuwa nao kama watu wengine walivyo na kuku. Na mtu huyu hata kuku alikuwa akiwajua kwa upande wa sahani. Madamu akavua miwani, akamtazama kwa hamu, akasema akipata vifaranga vya kuonyesha amwite. Akaongeza kwamba atakuja mwenyewe nyumbani kuwaona, maana mjini maneno ni mengi.

Usiku wa deni la uongo huwa mrefu, lakini Winchi alilala fofofo. Asubuhi ndipo alipomweleza mkewe. Mkewe alikuwa na kitana mdomoni, akasikiliza mpaka mwisho, akakitoa, akauliza kama tausi hutaga ama huzaa. Hakuwa anatania, alitaka kujua wanaanzia wapi. Wakaanzia kwa jirani aliyekuwa na mashine ya kutotolesha, kisanduku cha bati chenye balbu, feni ndogo na kidirisha cha kioo, kilichobaki kwenye mradi wa kuku uliokufa kabla ya kuku wenyewe. Kisha wakampata mfugaji wa tausi, wa mbali sana, mtu wa sauti ya taratibu ambaye kila kitu alikieleza mara mbili. Akakubali kuwatumia mayai tisa kwa lori la vifurushi.

Hapo ndipo Winchi alipojiona mjanja. Aliwajua wenzake: wakisikia Winchi anaagiza mayai ya tausi, hatapumua mpaka kaburini. Akamwambia mfugaji aandike kifurushi kwa jina la kazi la mkewe, Mama Msusi, ghalani ambako hakuna aliyemjua mama huyo kwa jina hilo. Mfugaji akaandika. Na kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, asiyejua mambo ya watu wa maghala, akaandika pia kilichomo ndani, kwa wino mwekundu, pande zote nne.

Lori lilifika siku moja kabla ya ile iliyotajwa. Winchi alikuwa juu kama kawaida. Boksi lilikuwa jepesi, limezungushiwa utepe wa buluu, na hakujisumbua kusoma jina. Neno kubwa lilimtosha. "Mayai!" akaita. "Ya kuchemsha!" likajibiwa, na boksi likapaa vizuri kuliko yote ya siku hiyo. Golikipa alilidaka kifuani, akazunguka nalo mzunguko mmoja wa madaha kwa ajili ya watazamaji, akalibwaga juu ya rundo, chini juu. Winchi mwenyewe alipiga makofi.

Kesho yake jioni alirudi nyumbani akakuta boksi mezani. Mkewe alikuwa amepigiwa simu, akaenda kulichukua mwenyewe mchana, akalikumbatia njia nzima kama mgonjwa. Winchi aliona utepe wa buluu. Akaona wino mwekundu. Akavuta kiti akaketi, na mkewe akadhani ni mgongo.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Hata hivyo Mungu hamtupi mja wake, au ndivyo Winchi alivyofikiri mkewe alipoanza kutoa yai moja moja kutoka kwenye maranda ya mbao. Mayai makubwa, rangi ya chai ya maziwa, na yote tisa mazima, halina ufa hata moja. Winchi aliyahesabu, akayahesabu tena, akacheka peke yake. Moyoni aliahidi mambo mengi mazuri. Kwa muda wa kama robo saa alikuwa mtu aliyesamehewa bila hata kuungama.

Kisha mfugaji akapiga simu kuuliza kama mayai yamefika salama. Aliambiwa yamefika mazima. Akasema uzima wa yai si ganda. Akawataka wafunge dirisha, wawashe tochi na kuiegemeza upande butu wa yai, watazame chumba cha hewa. Winchi akashika tochi, mkewe akashika yai, simu ikawekwa kitandani. Katika yai lililosafiri vyema, alieleza mfugaji, hewa hiyo hukaa imetulia upande butu kama kofia. Mkewe aliinamisha yai kidogo. Hewa ikahama, ikateleza ubavuni, ikarudi, kama povu kwenye pimamaji la fundi mwashi. La pili vivyo hivyo. La tatu lilikuwa na mapovu madogo madogo, kama limetikiswa kusudi. Mpaka la tisa, hakuna lililotulia.

"Ndugu yangu," sauti ikatoka kitandani, "mayai hayo hayakuanguka. Yakianguka yanapasuka. Hayo yamerushwa, yakadakwa."

Mkewe akauliza ni mtu gani mwenye akili zake anarusha boksi lililoandikwa mayai. Mfugaji akasema hata yeye angependa kumjua. Winchi alikuwa anamulika ukuta.

Mfugaji akaendelea kueleza, mara mbili kama desturi yake. Kifaranga, kabla ya kulitoboa ganda, hutoboa kwanza utando wa chumba hicho cha hewa na kuvuta humo pumzi yake ya kwanza. Chumba kikihama, kifaranga humaliza kukua, huwa tayari kabisa, kisha hutafuta mlango mahali pasipo na mlango. Huzama humo humo. Dawa ni moja, nayo si dawa: kuyaacha. Yakae kwenye trei upande butu juu mpaka yatulie. Yakiingia kwenye mashine yakae vilevile wima, mota ya kugeuzia ichomolewe, na siku za mwanzo yasigeuzwe hata moyo ukiwawasha. Baadaye wangeyainamisha kidogo tu, pamoja na trei yake, huku na huku. Maji ndani ya mashine yawe machache, ili yai likauke kidogo na hewa ipate nafasi ya kukua. Na mtu mmoja tu ayashike, mwenye mkono mwepesi.

Mume na mke wakatazamana mikono. Ya Winchi ilikuwa na vidole kama mipini ya majembe. Ya mkewe ilikuwa imegawa nywele za wanawake wa mtaa mzima, unywele kwa unywele, na haijawahi kumliza mtoto. Shauri likaisha hapo. Kuanzia siku hiyo mashine ilikaa pembeni mwa kitanda, chini ya ulinzi wa msusi, na Winchi akaruhusiwa tochi.

Ila mkewe alianzisha jambo lingine. Kila asubuhi, kabla ya kutazama kipimajoto, alikuwa akisimama mbele ya kile kisanduku na kusema kwa sauti ya mtu anayeagiza unga dukani: "Aliyeyarusha haya, mikono yake ikauke." Wateja wake waliokuja mapema wakaitikia amina. Winchi, akivaa viatu, naye akaitikia amina. Ungetaka afanye nini? Asiyeitikia angeulizwa kwa nini. Akatoka kwenda kazini ameapizwa na mkewe, ameidhinisha mwenyewe, na chai juu.

Dhamiri ni kitu cha ajabu. Winchi aliishi miaka mingi bila kusumbuliwa nayo, na ilipoamka iliamka na hasira. Ghalani alifuta sheria yake. Boksi lililoandikwa mayai alilishusha kwa mikono miwili, akainama, akaliweka chini kama anayelaza mtoto. Hata lililoandikwa misumari aliliweka hivyo hivyo, maana nani ajuaye. Wenzake walimtazama kwa huzuni. Golikipa alisimama chini ya lori mikono mitupu, mtu aliyenyang'anywa kipaji, akauliza kama Winchi ameokoka ama anaumwa. Foleni ikarefuka. Meneja akalalamika kwamba mzigo hautoki. Wateja pia walilalamika. Walizoea kupata maboksi yaliyobonyea kwa wakati.

Na kuna jambo ambalo wasiobeba hawalijui: kurusha hakuumizi mgongo. Mtu anayerusha hutumia mabega, akili yake ipo kwingine. Kinachovunja mgongo ni kuinama na kuweka polepole. Winchi alikuwa ametenda dhambi miaka yote akiwa mzima, na sasa wema ulimmaliza mara moja. Alikuwa anaweka chini boksi la vikombe, kwa heshima zote, mgongo ukafunga kama mlango. Wakamleta nyumbani kwa mkokoteni wa mizigo, kifudifudi.

Siku alipopata nafuu ya kuketi, Golikipa alikuja kumjulia hali. Alikuwa na moyo mzuri na mdomo usio na kufuli. Mke wa Winchi alikuwa sebuleni anamsuka mteja, na nywele za bandia alizokuwa akichomoa zilikuwa ndani ya boksi kwenye miguu yake. Golikipa aliliona boksi akafurahi kama aliyemwona mwanafunzi mwenzake.

"Hili nalijua!" akasema. "Utepe wa buluu. Shemeji, ungeliona lilivyopaa. Huyu mzee hapo alirusha, mimi nikadaka, nikazunguka nalo hivi."

Akaonyesha alivyozunguka. Akaonyesha na kulibwaga. Kisha akaona kwamba hakuna anayecheka, na kwamba mteja amegeuza shingo na nywele zake nusu, anamtazama Winchi. Golikipa akakumbuka ana mtu wa kumwona mahali. Njia ya mwongo ni fupi, na safari hii mwisho wake ulikuwa umekaa kwenye kiti ambapo mwongo mwenyewe hakuweza kuinuka.

Mkewe hakupiga kelele. Alimaliza msuko aliokuwa ameanza, akafunga ncha, ndipo akauliza, "Asubuhi zote hizo, ulikuwa unaitikia amina?"

"Ningeitikia nini?"

Hakujibiwa. Hakujibiwa siku iliyofuata wala iliyofuata hiyo. Chakula kililetwa, sahani ikawekwa mbele yake bila neno. Tochi ikahamia mfukoni mwa gauni la mkewe. Kitu kimoja tu kilibadilika kwa manufaa yake: laana ya asubuhi ilikoma. Winchi alijipa moyo kwamba amesamehewa, mpaka aliposikia mkewe akimweleza mteja kwamba ameiondoa kwa sababu mikono ikikauka ni yeye atakayemlisha.

Na huko kwenye mashine mambo hayakungoja watu wapatane. Mayai matatu yalikuwa viza. Yalimulikwa, yakaonekana meupe ndani, yakatolewa. Mawili yalianza kukua yakaacha. Manne yaliendelea, meusi ndani, yenye kutikisika, na vyumba vyao vya hewa vikawa vimetulia, vimekaa upande upande kama kofia ya mlevi lakini vimekaa. Winchi aliyajua haya yote kwa kusikiliza mkewe akizungumza na mfugaji kwenye simu. Aliogopa. Aliogopa kwamba atarudi juu ya lori na mgongo ule, kwamba hatashuka tena isipokuwa kwa mkokoteni, na aliogopa zaidi kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kulaumu.

Siku za kuanguliwa zilipofika, yai la kwanza lilitoboka mchana, mahali panapostahili, kifaranga akalizungushia ganda ufa safi, akatoka kama mtu anayetoka ofisini kwake. Mengine mawili hayakutoa sauti. Baadaye waliyafungua: vifaranga kamili, manyoya, kucha, kila kitu, wamekunja shingo kuelekea mahali hewa ilipokuwa haipo. Winchi aliwatazama muda mrefu. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha, wala mkewe hakujifanya hayaoni.

La nne lilidonolewa upande usio wake, ncha nyembamba, chini. Kidomo kilionekana, kikatweta, kikatulia. Mfugaji alisema kwenye simu kwamba huyo amepotea njia. Asiposaidiwa atakufa, na akisaidiwa haraka atatoka damu na kufa vilevile. Ganda libanduliwe kipande kidogo, utando ulowanishwe kwa pamba na maji ya vuguvugu, mtu angoje, abandue kingine. Mkewe akaketi sakafuni, yai kwenye kitambaa mapajani. Giza la chumba lilikuwa limeanza kuingia pembeni.

"Shika tochi," akasema, akaitoa mfukoni akamnyooshea.

Winchi akapiga magoti, kwa namna ambayo mgongo ulipinga vikali, akamulika. Mkewe alibandua kwa kucha ya kidole kidogo, ile anayogawia nywele. Alibandua, akalowanisha, akangoja. Mara moja moja damu ilionekana kwenye utando kama uzi, naye akaondoa mkono papo hapo. Winchi hakusogea hata mguu ulipokufa ganzi. Mwanga ulitulia mahali pamoja mpaka kifaranga akasukuma mwenyewe lililobaki, akalala kwenye kitambaa amelowa na mbaya wa sura, anapumua. Mkewe akaegemea kitanda, akafumba macho. Kisha akamwuliza Winchi kama amekula.

Wale wawili walikua haraka. Wiki chache baadaye walikuwa na vishungi vidogo kichwani na kiburi kisicholingana na umri. Waliishi kwenye tenga la waya uani, na mkewe Winchi akipita walimfuata wakilia, hata wateja wakasema msusi amepata watoto uzeeni. Winchi alikuwa amerudi ghalani kwa kazi nyepesi, ambayo ghalani ni kazi ile ile kwa malalamiko machache. Hatimaye akampigia simu Madamu.

Madamu alikuja na miwani yake, akaketi kwenye kigoda cha wateja, akaletewa tausi ndani ya kikapu. Walikuwa wamelala, wamekumbatiana. Aliwapenda tangu kuwaona. Akauliza, akiwa bado ameinama juu ya kikapu, ni nani kati yao aliyewatotolesha.

"Ni yeye," akasema mkewe Winchi bila kupepesa. "Mimi kazi yangu ni nywele."

Hawakuwa wamepanga. Winchi alimtazama mkewe, na mkewe akatazama kikapu. Madamu akainuka akampa Winchi mkono, akasema basi Jumatatu aje, kiti na mwavuli vimeshanunuliwa. Imekwisha. Miaka ya mizigo imekwisha hivyo tu, kwa salamu ya mkono. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza, na kunyamaza ndiko alikokuwa hodari.

"Madamu," akasema Winchi, "mimi nilishika tochi."

Na akiwa ameshafungua mdomo, ikatoka yote: utoto usio na tausi, lori, boksi, amina za asubuhi. Mkewe alijaribu kumkanyaga mguu akamkosa. Madamu alisikiliza, uso haumwambii mtu kitu. Mwisho akauliza kuhusu seti yake ya sahani za udongo, iliyomfikia mwaka juzi ikiwa changarawe. Winchi akauliza kwa woga iliandikwaje juu. Madamu akageuza miwani mkononi.

"Mayai," akasema.

Hakuna aliyejua atazame wapi. Mwishowe Madamu akacheka, kicheko kifupi cha aliyekamatwa, akavaa miwani yake ndani ya nyumba. Alikuwa ametafuta mtu ambaye ndege wanamjua, akasema, na amempata. Akamgeukia msusi. Kazi ni yake akiitaka. Na wageni wenye nywele za kusuka hawakosekani, chini ya mwavuli kuna nafasi ya kigoda.

"Na hii nayo umeirusha," mkewe akamwambia Winchi, polepole, mbele ya mgeni.

Alisema hivyo kwa uchungu kweli. Alikuwa amejitoa kusema uongo kwa ajili ya mgongo wa mtu, na mwenye mgongo ameukataa. Winchi alijua alichopoteza, alikijua kwa kila pingili ya uti wake, na bado kifuani palikuwa pepesi kwa mara ya kwanza tangu utepe ule wa buluu. Mkewe alimtazama mpaka akaona hilo. Kisha akamwambia Madamu kwamba atakuja Jumatatu, kwa sharti moja ambalo halimhusu Madamu: kufikia mwisho wa mwezi mume wake ashuke kwenye lori. Mshahara mmoja wa kukaa na wateja wachache wa kusuka utawalisha watu wawili wasio na makuu. Nyumbani kuna kupika, kuna kufua, kuna tausi wagonjwa watakaoletwa kulelewa. Hakumwuliza Winchi anaonaje.

Mwisho wa mwezi Winchi alipeleka glavu na mkanda wa kiuno ghalani, akavirudisha kwa meneja. Wenzake walikuwa wamepata habari zote, zimeongezwa chumvi na pilipili. Walijikusanya mlangoni. Golikipa, aliyetumwa kuwasemea kwa sababu hajui kunyamaza, akauliza, "Kwa hiyo sasa kaka, unabebwa na mkeo?"

Wakangoja aone haya. Winchi alifikiri kidogo, kwa sababu swali lilistahili.

"Nabebwa," akasema.

Akawaaga mmoja mmoja kwa mkono, akatoka kwenda kununua mboga kabla soko halijafungwa. Alitembea polepole, ameshika kiuno, maana mgongo ulikuwa bado haujapata habari.